Programu ya mawasiliano ya masoko kwa kampuni ya wataalamu: safisha orodha kabla ya kubuni jarida

Kampuni ya mawakili, ya wakaguzi wa hesabu, ya wahandisi au ya wasanifu majengo haina bidhaa ya kupanga rafuni. Inauza uaminifu, na anayeaminiwa ni mtu mwenye jina lake: wakili mbia aliyesimamia kesi, mkaguzi aliyekesha na vitabu vya mteja. Programu nyingi za mawasiliano ya masoko zilibuniwa kwa ajili ya maduka ya mtandaoni, ambako orodha ya wateja ni mali ya idara ya masoko. Kwenye kampuni ya wataalamu orodha hiyo imetawanyika katika simu na vikasha vya barua pepe vya wabia, na kila mbia ameikalia ya kwake.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi hapa ni tofauti na ule unaokuja na kijitabu cha muuzaji wa programu. Yeye atakuonyesha kwanza violezo vyenye rangi. Wewe anza na majina.

1. Amua unanunua kazi ipi

Chini ya jina moja la "programu ya mawasiliano ya masoko" kuna kazi nne tofauti:

- kutunza anwani, mahusiano na historia ya kila mteja (ndiyo CRM);
- kutuma majarida, taarifa za kitaalamu na mialiko kwa barua pepe;
- kuhifadhi wasifu wa wataalamu na maelezo ya kazi zilizofanyika, kwa ajili ya zabuni;
- kuendesha tovuti na kurasa za mitandao ya kijamii.

Kuna programu za taaluma mahususi, kama InterAction ya LexisNexis kwa kampuni za mawakili na Deltek Vantagepoint kwa wahandisi na wasanifu majengo. Kuna za jumla, kama HubSpot na Mailchimp. Kampuni yenye wataalamu wasiozidi 20 kwa kawaida inatosheka na kazi mbili za mwanzo ndani ya programu moja nyepesi, na maktaba ya zabuni ikabaki folda iliyopangwa vizuri. Kampuni inayoishi kwa zabuni, hasa ya uhandisi, igeuze mpangilio huo: maktaba iwe ya kwanza, jarida lisubiri.

Kabla ya kutia saini, omba muda wa majaribio na upeleke kazi yako halisi, si mifano ya muuzaji. Chukua anwani 200 za kweli, taarifa moja mliyowahi kutuma na mwaliko mmoja. Kisha mpe mbia asiyependa kompyuta aidhinishe ile taarifa kwa simu yake akiwa nje ya ofisi. Akishindwa, programu hiyo itakufia mikononi hata iwe na uwezo gani.

Maswali matatu ya kumwuliza muuzaji, majibu yawe kwa maandishi. Je, malipo yanahesabiwa kwa idadi ya anwani au ya watumiaji, na je, mtu aliyejiondoa bado anahesabiwa? Siku tukiondoka, tutapewa data yote pamoja na historia ya nani alitumiwa nini na nani alikataa, au jedwali la majina tu? Na seva zinazohifadhi data ziko nchi gani? Swali la mwisho wateja wenyewe watakuja kulileta kwenye fomu zao za ukaguzi, benki hasa.

2. Kusanya majina, kisha yachambue bila huruma

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Kama mradi mzima una wiki 12, tenga 5 kwa orodha peke yake.

Omba kila mbia na kila msaidizi wake jedwali la anwani. Utakachopokea kitakuwa na mistari ya namna hii:

Jina: *Mkurugenzi wa Fedha (mpya)*. Kampuni: *wale wa saruji*. Barua pepe: *info@…* Maoni: *alikuja semina ya mwaka juzi, usimpigie.*

Mstari huo mmoja una makosa manne, na kila moja lina dawa yake. Cheo si jina, kwa hiyo mstari unarudi kwa mbia akajaze. "Wale wa saruji" lazima ifanane herufi kwa herufi na jina lililoko kwenye mfumo wa ankara, la sivyo hutaweza kuunganisha barua na mapato. Anwani ya info@ ni ya ofisi, haina mtu. Usiitumie jarida, maana anayeisoma leo siye aliyeombwa ridhaa, na kesho ataisoma mwingine atakayebofya "barua taka". Na "usimpigie" ni habari nyeti iliyoandikwa kama utani: huenda mtu huyo alikataa mawasiliano, au ana mgogoro na kampuni. Iulizwe, kisha iwekwe mahali ambapo programu inaitii.

Weka safuwima hizi na uzuie tamaa ya kuongeza nyingine: cheo cha heshima (Dkt., Profesa, Mhandisi, Wakili), jina la kwanza, jina la ukoo, barua pepe, kampuni, namba ya mteja kutoka mfumo wa ankara, mhusika wa ndani, mada anazozitaka, chanzo cha anwani, tarehe na aina ya ridhaa. Ni 10 kwa jumla, na kila moja ina kazi. Safuwima ya "siku ya kuzaliwa" hujazwa na watu 6 kati ya 3,000, kisha hukaa hapo ikiaibisha jedwali.

Cheo cha heshima kiwe na safuwima yake. Kikichanganywa na jina la kwanza, barua itaanza "Ndugu Dkt." na kuishia hapo.

Mhusika wa ndani ni mtu mmoja, hata kama mteja anajuana na wabia watatu. Wengine waandikwe kama wanaofahamiana naye. Majina mawili kwenye nafasi ya mhusika maana yake hakuna anayefuatilia.

Anwani zinazojirudia zitafute kwa barua pepe kwanza, kisha kwa jina na kampuni pamoja. Jihadhari na programu inayounganisha yenyewe: baba na mwana wenye jina moja katika kampuni ya familia huunganishwa wakawa mtu mmoja, na taarifa ya mirathi ikamfikia asiyehusika. Unganisha kwa mkono pale ambapo barua pepe hazifanani. Mtu akihama kazi usifute rekodi ya zamani. Ifunge, ufungue mpya, na uziunganishe, kwa sababu mteja aliyehama huingia kampuni mpya akiwajua ninyi tayari. Katika biashara hii hakuna anwani yenye thamani kuliko hiyo.

Kuna jambo linalowatisha wabia, na wana haki. Programu nyingi hujitolea kuchota anwani moja kwa moja kutoka Outlook au Gmail. Ukiiruhusu bila mpaka, itachota pia daktari wa mbia, shule ya watoto wake na wakili wa upande wa pili kwenye kesi inayoendelea. Weka kanuni kinyume chake: hakuna anwani inayoingia isipokuwa mbia ameiwekea alama. Ni polepole zaidi, lakini kosa moja la aina hiyo huwafanya wabia wote wazime muunganisho, na kuwarudisha ni kazi ya mwaka.

3. Ridhaa, na orodha ya waliokataa

Sheria inayokuhusu si ya mahali ulipo tu, bali mara nyingi na ya mahali alipo mpokeaji. Kanuni ya data ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, inampa mtu haki ya kupinga kutumiwa matangazo, na akipinga hakuna hoja ya kumjibu. Sheria ya Marekani ya CAN-SPAM ya 2003 inataka barua iwe na anwani ya posta ya mtumaji na ombi la kujiondoa litekelezwe ndani ya siku 10 za kazi. Ya Kanada, iliyoanza 2014, ni kali zaidi: inataka ridhaa kabla ya kutuma, na ridhaa inayotokana na kununua huduma huisha baada ya miaka 2. Andika tarehe ya ridhaa sasa. Kuitafuta baadaye haiwezekani.

Kosa la kawaida kuliko yote ni hili. Mtu anajiondoa, na karani mwenye nia njema anafuta rekodi yake ili orodha iwe safi. Miezi 3 baadaye mbia analeta jedwali jipya, jina lile limo, linapakiwa, na mtu aliyekwisha sema hapana anapokea mwaliko. Aliyejiondoa hafutwi. Anwani yake inahamia orodha ya waliokataa, na kila upakiaji lazima upite kwenye orodha hiyo kwanza. Jaribu hilo mwenyewe: weka anwani yako kwenye orodha ya waliokataa, ipakie upya kupitia jedwali, kisha tuma barua ya majaribio. Ukiipokea, una tatizo la kutatua kabla ya kuendelea.

Mpe mpokeaji nafasi ya kuchagua mada badala ya kuondoka kabisa. Mkuu wa rasilimali watu hataki kodi, anataka sheria za kazi. Ila mada zisizidi 8. Zikifika 25, kwa sababu kila mbia alidai taaluma yake iwe na kisanduku, hakuna anayemaliza kuzisoma.

4. Rekodi za kikoa

Kikoa ni jina la kampuni mtandaoni, lile linalofuata alama ya @ kwenye barua pepe zenu, na rekodi zake huonyesha nani anaruhusiwa kutuma kwa jina hilo. Sehemu hii wengi huiachia fundi wa mitandao kisha wanashangaa jarida linapoangukia kwenye folda ya barua taka. Fundi atabadilisha rekodi, lakini wewe lazima ujue unamwomba nini.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka wanaotuma kwa wingi wathibitishe barua zao kwa SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa), DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua) na DMARC (maagizo ya kufanya nini na barua inayoshindwa vipimo hivyo), waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Kwa Google, kutuma kwa wingi ni barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda anwani binafsi za Gmail. Microsoft ilifuata Mei 2025 kwa anwani za Outlook.com. Kampuni ya wataalamu haifiki idadi hiyo mara nyingi, lakini wateja wako wako nyuma ya vichujio vya benki na serikali, na hivyo vina ukali wake.

Tumia kikoa kidogo kwa kutuma, kwa mfano *habari.kampuni.example*, na uache *kampuni.example* kwa barua za kazi za kila siku. Sifa ya kikoa cha jarida ikichafuka, ankara na nyaraka za mahakama zina nafasi nzuri zaidi ya kuendelea kufika.

SPF ni mstari mmoja wa maandishi kwenye DNS, daftari la mtandao linalotunza rekodi za kikoa:

`v=spf1 include:spf.protection.outlook.com include:mtumaji.example ~all`

Mambo mawili huuharibu. La kwanza, kuwa na mistari miwili ya SPF kwenye kikoa kimoja: mtu wa pili hakuona wa kwanza akaongeza wake, na matokeo yake yote miwili inahesabiwa kuwa kosa. La pili, kupita maulizo 10 ya DNS. Kila *include* ni ulizo, na ndani yake mna mengine, hivyo huduma 4 au 5 zinatosha kukufikisha ukomo. Jua pia kwamba SPF hukagua anwani ya kurudishia barua (inakorudi barua iliyoshindwa kufika), si ile anayoiona msomaji. Kama programu yako hutumia anwani yake yenyewe ya kurudishia, kuiongeza kwenye SPF yako hakusaidii chochote, kunakula ulizo tu.

DKIM ndiyo yenye uzito. Chagua ufunguo wa biti 2048. Programu ikikupa rekodi za aina ya CNAME, zinazoelekeza tu kwenye ufunguo ulioko kwa muuzaji, pokea kwa shukrani. Ikikupa ufunguo mzima uubandike kama TXT (rekodi ya maandishi), kumbuka kwamba kipande kimoja cha maandishi kwenye DNS hakizidi herufi 255, hivyo ufunguo huo hukatwa vipande. Baadhi ya paneli za kikoa huukata zenyewe, nyingine hupoteza mkia wake kimya kimya. Ishara ni kwamba programu inasema "haijathibitishwa" hata baada ya saa 48.

DMARC iwekwe kwenye `_dmarc.kampuni.example`, na ianze kwa upole, yaani kutazama na kupokea ripoti tu:

`v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@kampuni.example`

Iache hivyo wiki 4 na usome ripoti. Zitakuonyesha watumaji mliowasahau: mfumo wa ankara, programu ya kuajiri, mashine ya kunakilia inayotuma nyaraka ilizoskani kwa jina la kampuni. Warekebishe mmoja mmoja, kisha panda hadi `p=quarantine` (barua isiyothibitishwa iende kwenye barua taka), halafu `p=reject` (ikataliwe kabisa). Anayeruka moja kwa moja hadi *reject* hugundua siku ya mwisho wa mwezi kwamba ankara hazikufika.

5. Kiolezo

Upana wa pikseli 600, safuwima moja, maandishi ya angalau pikseli 16. Outlook ya zamani ya kompyuta za Windows, ambayo bado imejaa maofisini, huchora barua kwa injini ya Word, kwa hiyo muundo wa kisasa hupasuka ndani yake. Kiolezo kijengwe kwa majedwali, hata kama kijana wa tovuti atacheka. Picha mara nyingi hufika zimezuiwa, basi kila picha iwe na maandishi mbadala, na jambo la maana lisikae ndani ya picha.

Gmail hukata barua inayozidi kilobaiti 102 na kuficha kilichobaki, na mkia huo ndio wenye kiungo cha kujiondoa. Asiyekiona hubofya "barua taka". Uzito huo hautokani na picha, maana picha hukaa kwenye seva. Hutokana na maandishi yaliyonakiliwa kutoka Word pamoja na takataka zake zote za muundo. Bandika kwa amri ya "maandishi matupu", kisha weka herufi nzito upya kwa mkono.

Kichwa cha barua kiseme kazi yake. "Jarida letu la Juni, toleo la 14" hakimwambii mkurugenzi wa fedha lolote. "Kodi ya zuio: mambo 3 ya kurekebisha kabla ya tarehe 30" kinamwambia afanye nini na lini. Wataalamu hupenda kuanza na namba ya sheria na kifungu. Namba hiyo ishuke aya ya tatu.

Jina la mtumaji liwe la mbia, na majibu yamfikie yeye au msaidizi wake. Anwani ya "usijibu" inamfungia mlango mteja aliyetaka kuuliza swali, na swali hilo ndilo lilikuwa lengo la barua nzima.

Kwa salamu, weka neno la akiba. Safuwima ya jina ikiwa tupu, programu huandika "Ndugu ," na mkato ukining'inia. Akiba iwe "Ndugu mteja wetu". Usiambatishe PDF kwa jarida, weka kiungo: vichujio vinashuku viambatisho, na ukigundua kosa saa moja baadaye, hati iliyoko kwenye tovuti bado unaweza kuirekebisha.

6. Saa 48 za wabia

Hatua hii haimo kwenye kijitabu cha programu yoyote ya duka, na ndiyo inayookoa heshima ya kampuni.

Kabla ya kutuma kwa orodha kubwa, kila mbia apate majina yake peke yake, yasiyozidi ukurasa mmoja wa simu, na saa 48 za kufuta. Anafuta kwa sababu usizoweza kuzijua: mteja anayegombania ada, kampuni iliyo upande wa pili wa kesi, mtu aliyefiwa juzi, taasisi ambayo zabuni yake iko mezani na kanuni zake zinakataza mawasiliano. Hahitaji kueleza. Alama moja inatosha.

Kanuni ya kimya iwe wazi tangu mwanzo: asiyejibu ndani ya saa 48, majina yake yanatumwa. Ukiweka kinyume chake, jarida la Januari litatoka Machi. Kwa mialiko ya chakula na watu wachache geuza kanuni, jina lisitoke bila mbia kusema ndiyo, maana pale kosa linaketi mezani.

Maudhui nayo yana mlolongo wake: mwandishi, mbia wa taaluma hiyo, kisha mhariri mmoja. Watatu, basi. Programu ikiruhusu, mpe kila mmoja tarehe ya mwisho na uzuie toleo lisihaririwe baada ya idhini. Wabia wawili wanaobadilishana koma usiku wa manane ndio huleta kosa la tarehe. Katika taaluma ya sheria, ukaguzi na uhandisi kuna pia kanuni za kujitangaza za chama cha taaluma. Zisome wewe mwenyewe, ziwe orodha ya maswali 5 ambayo mhariri anayatiki kabla ya kitufe cha kutuma kufunguka.

7. Kutuma mara ya kwanza

Usipeleke barua 4,000 siku moja kutoka kikoa kidogo ambacho jana hakikuwapo. Anza na watu 200 wanaowafahamu ninyi vizuri, wateja wa sasa. Siku ya pili 400, ya tatu 800, ukiangalia barua zinazorudi. Zikizidi asilimia 2, simama, orodha bado chafu.

Barua hurudi kwa namna mbili. Anwani isiyokuwepo ni ya kuondolewa papo hapo. Sanduku lililojaa au seva iliyolala ijaribiwe tena, na ikirudi mara 3 katika matoleo 3 mfululizo, mbia aulizwe kama mtu huyo bado yupo. Zikirudi zote za kampuni moja kwa pamoja, tatizo si anwani. Kichujio chao kimewazuia, na njia ya haraka ni mbia kumpigia mteja amwombe fundi wake awaruhusu.

Kwa semina, mwaliko utoke wiki 3 kabla, ukumbusho wiki 1 kabla kwa wasiojibu tu, na ujumbe mfupi siku moja kabla kwa waliojiandikisha. Faili ya kalenda iandike ukanda wa saa waziwazi, na uijaribu kwenye simu mbili za aina tofauti, kwa sababu saa ikiwa imekosewa humo, wageni hufika wakati viti vinakunjwa. Tofautisha "alijiandikisha" na "alihudhuria". Programu nyingi huhesabu la kwanza na kuliita la pili.

8. Maktaba ya kazi zilizofanyika

Kwa kila kazi andika aya tatu: ya mstari mmoja, ya maneno 50 na ya maneno 200. Ongeza thamani, mwaka, mbia aliyeongoza, na sehemu moja ambayo lazima ijazwe: *Je, mteja ameruhusu atajwe?* Jibu ni moja kati ya matatu: ndiyo kwa maandishi, bila jina tu, au hapana. Rekodi isiyo na jibu programu isiiruhusu kutoka. Bila kizuizi hicho, kijana anayekimbizana na zabuni saa tano usiku atanakili aya yenye jina la mteja wa siri, na hiyo si kasoro ya masoko tena, ni kosa la kitaaluma.

Wasifu wa kila mtaalamu uwe na tarehe ya kusasishwa, na programu imkumbushe kila miezi 6.

9. Soma vipimo kwa macho makavu

Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha zote kabla msomaji hajafungua chochote, na kuhesabu "waliofungua" kunategemea kijipicha kilichofichwa. Kwa hiyo asilimia ya waliofungua imevimba, usiipeleke kwenye kikao cha wabia kama ushahidi wa lolote.

Mibofyo nayo ina wadanganyifu. Mifumo ya usalama ya kampuni kubwa hubofya kila kiungo kabla ya kumfikishia mtu barua. Utaitambua: viungo vyote 9 vimebofywa ndani ya sekunde chache baada ya barua kufika, pamoja na kile cha masharti ambacho hakuna binadamu hukisoma. Ondoa hiyo kwenye hesabu.

Kinachobaki ni kidogo lakini ni cha kweli: majibu, waliohudhuria, mikutano iliyofuata, kazi mpya zilizofunguliwa kwenye mfumo wa ankara ndani ya miezi 6. Kitoe kikiwa na mwelekeo wa kazi. Ndani ya saa 24 baada ya kutuma, kila mbia apate majina yasiyozidi 5 na sababu ya kila moja: "amesoma makala ya kuunganisha kampuni mara 3, na ni mteja wako wa ukaguzi." Orodha ya majina 40 haisomwi. Ya 5 hupigiwa simu njiani kuelekea nyumbani.

10. Usafi wa kila robo mwaka

Kila miezi 3 fanya haya: anwani ambazo hazijajibu, kubofya wala kuhudhuria kwa miezi 18 zipelekwe kwa mhusika aamue kubakiza au kuondoa. Wateja walio na kazi inayoendelea waachwe hata wakiwa kimya. Wengi wao husoma bila kugusa kitu. Kagua nani ana ruhusa ya kutuma kwa orodha nzima, na wabaki 2 au 3.

Mtu anapoacha kazi katika kampuni, siku hiyohiyo funga akaunti yake, lakini usiwaache wateja wake bila jina. Panga mhusika mpya kwa kila rekodi kabla ya toleo linalofuata, na angalia violezo, majibu ya moja kwa moja na mialiko iliyopangwa mbele kama ina sahihi yake. Mara nyingi hubakia mwaliko mmoja wa semina ya mwezi ujao, uliopangwa kujituma wenyewe, wenye picha yake juu.